Maoni Yangu Yalivyonifikisha Dirisha la Saba

Nchi yetu inaitwa Jamhuri ya Nafuu. Msiitafute kwenye ramani. Ada ya kuchorwa kwenye ramani ilipanda mwaka juzi, serikali ikaona heri fedha hizo zinunue mapazia ya ukumbi wa bunge. Lakini nchi ipo, watu wake wapo, na mimi ni mmoja wao. Naitwa Tobia Mgalula. Kwa miaka ishirini na miwili nimeandika maoni kwenye ukurasa wa sita wa gazeti la serikali, chini ya picha niliyopigwa nilipokuwa bado na nywele za kutosha.

Naomba muielewe kazi yenyewe. Mwandishi wa habari hulazimika kwenda mahali, kuuliza watu na kuandika walichosema. Mwandishi wa maoni hahitaji kwenda popote. Nilikuwa na maoni kuhusu kilimo na sijawahi kushika jembe. Nilikuwa na maoni kuhusu malezi, na watoto wetu wawili walilelewa na mke wangu Perusi huku mimi nikiwa chumba cha mbele naandika kuhusu malezi. Kuhusu afya ndiko nilikokuwa na maoni mengi kuliko yote, kwa sababu sikuwahi kuugua.

Maoni yaliyoibadilisha nchi yalianzia kwa kinyozi. Mzee Chande, anayeninyoa, alifunga kibanda chake siku tatu akalipeleka goti lake hospitali. Zama hizo hospitali zetu zilikuwa na foleni ndefu na dawa haba, lakini malipo yalikuwa madogo na mwisho wa foleni alikuwepo daktari. Mimi nilikuwa na harusi Jumamosi. Nikaenda harusini na kichaka shingoni, mashemeji wakanitazama kwa huruma, na Jumapili nikakaa na hasira zangu nikaandika.

Niliuliza kama wananchi wetu wanaugua kweli au wamezoea kudekezwa. Nikasema kitu cha rahisi hakithaminiwi. Nikasema mtu akichangia kidogo katika kila hatua ya matibabu, atafikiri mara mbili kabla ya kuugua. Na kwa kuwa nilibakiwa na mistari mitatu ya kujaza ukurasa, nikaongeza sentensi ambayo niliisoma kwa sauti mara kadhaa, maana ilinipendeza: “Mgonjwa anayeweza kueleza maumivu yake bado ana nguvu za kurudi nyumbani.”

Perusi aliisoma akichambua mchele. Aliniuliza kama Mzee Chande ameshapata nafuu ya goti. Nikamjibu kwamba hilo ni jambo la mtu binafsi, mimi nilikuwa nazungumzia taifa. Akaendelea kuchambua mchele.

Jumatano nikaitwa wizarani. Waziri wa Afya, Mheshimiwa Ruzuna Bakungu, alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya kusomea taarifa ya habari, na juu ya meza yake lilikuwepo gazeti lenye sentensi yangu, imepigiwa mstari mwekundu, kisha wa kijani. Aliniambia kwamba wizara imetafuta sera kwa miaka miwili. Wataalamu kumi na wanne walileta ripoti, zote nzuri, zote nzito, lakini hakuna hata moja iliyokuwa na sentensi ya kuenea kwenye bango. Ya kwangu ilikuwa imeenea. Wameshapima.

Wiki mbili baadaye aliipeleka bungeni. Nilialikwa kukaa jukwaa la wageni, nikiwa nimenyolewa vizuri. “Waheshimiwa wabunge,” alisema, “kwa muda mrefu mno serikali imembeba mgonjwa mgongoni. Mgongo wa serikali unauma. Wakati umefika mgonjwa ajibebe.” Wabunge walipiga meza hadi glasi za maji zikaanguka, na ndivyo ilivyozaliwa Sheria ya Kuchangia Hatua kwa Hatua. Sisemi uongo nikisema nililia. Si kila mtu hukasirishwa na kinyozi ikawa sheria.

Niliteuliwa kwenye Tume ya Mageuzi. Tulisafiri wiki tatu katika nchi moja ya baridi ili tujifunze wenzetu wanavyotibiana, tukajifunza kwamba wenzetu wana mablanketi mazito. Ripoti yetu ilikuwa na kurasa mia nne, na ukiondoa shukrani zilibaki kumi na moja. Mchango wangu mkubwa ulikuwa wa lugha. Nilipendekeza neno “mgonjwa” lifutwe, kwa kuwa linavunja moyo, na mahali pake tuseme “mshirika wa afya.” Lilipita bila kupingwa, na tangu tarehe mosi Januari Jamhuri ya Nafuu haikuwa tena na mgonjwa hata mmoja. Vilevile niliandika kanuni ya wakubwa wanaotibiwa nje ya nchi. Ili kuzuia matumizi mabaya, niliandika kwamba kibali lazima kisainiwe na Waziri mwenyewe kwa mkono wake, wala asikaimishwe mtu. Niliiona kanuni ya kizalendo.

Hospitali Kuu ikawekewa madirisha saba, na kila dirisha na ada yake. Ada zilipandishwa kila baada ya miezi mitatu, wananchi wasije wakazizoea. Baada ya nusu mwaka Waziri alitangaza kwamba idadi ya watu wanaofika kwa daktari imeshuka hadi mmoja kati ya kumi, ushahidi kwamba taifa limekuwa na afya kuliko wakati wowote. Nikaandika makala ya pongezi. Wiki hiyohiyo mtaa wa maseremala ulifungua maduka matatu mapya ya majeneza, nami nikaandika makala ya pili, kuhusu kukua kwa viwanda vidogo. Nilikuwa na wiki njema.

Kisha Alhamisi moja, saa moja asubuhi, nikiwa mbele ya bakuli la uji, tumbo likanikamata.

Lilianzia kitovuni. Nilidhani ni uji, nikaulaumu uji, nikamlaumu na aliyeupika. Saa nne maumivu yakahama yakatua upande wa kulia, chini, yakakaa hapo kama mpangaji aliyelipa mwaka mzima. Perusi alinibonyeza kidogo, na alipoondoa mkono ndipo nilipoumia zaidi. Dada yake aliwahi kupasuliwa kidole tumbo, kwa hiyo hakuuliza mengi. Alisimamisha bajaji, akanipakia kama gunia, tukaenda.

Niliposhuka hospitali nilishangaa kwanza kwa jinsi palivyokuwa pasafi. Ua lilikuwa kimya, mikorosho imepakwa chokaa shinani, watu wachache wamekaa kwenye mabenchi wakiwa na karatasi. Juu ya mlango palikuwa na bango jeupe lenye maandishi ya dhahabu. Ilikuwa sentensi yangu. Chini yake, jina langu. Nakiri kwamba hata katika hali ile nilisimama kidogo nikaitazama, na nikaona kwamba wameongeza koma isiyo yangu.

Dirisha la kwanza lilikuwa la kuthibitisha ugonjwa. Msichana mmoja mpole aitwaye Doto alinieleza kwamba ili niingie, nahitaji barua ya mtendaji wa mtaa inayosema naumwa. Perusi akamwambia mtendaji hajui kama naumwa, kwa sababu nimeugua asubuhi hii na mtendaji yuko semina. Doto akasema hilo hutokea, na kwa hiyo ipo ada ya wasio na barua. Tukalipa. Dirisha la pili tulilipia maelekezo ya kufika dirisha la tatu. Lilikuwa hatua nne kulia, tuliliona, lakini bila risiti ya maelekezo hatukuruhusiwa kuliona rasmi.

Dirisha la tatu lilikuwa la kupima maumivu. Lilikuwa wazo langu. Bwana mmoja wa makamo, miwani imemshuka puani, alikuwa na kadi za rangi tatu. Anayeongea hupewa ya kijani, maana yake arudi baada ya siku saba. Anayeguna hupewa ya njano, asubiri. Asiyesema kitu hupewa nyekundu na kupita. Akaniuliza najisikiaje.

Mtu mwingine angeguna. Mimi nimeishi kwa maneno miaka ishirini na miwili. Nilimweleza kwamba maumivu yangu ni mfano wa msumari unaozungushwa polepole na mtu asiye na haraka. Kwamba yana asili mbili, ya juu na ya chini. Kwamba ukiyalinganisha na maumivu ya jino, ya jino yana heshima zaidi. Perusi alinivuta shati.

“Tobia, nyamaza,” aliniambia sikioni. “Unajiua kwa mdomo.”

Nilimwomba bwana yule radhi nikamwambia ningependa kufafanua kidogo. Nikafafanua. Alisikiliza hadi mwisho, akasema maelezo bora kuliko hayo hajawahi kuyapokea tangu aanze kazi, akanipa kadi ya kijani.

Ndipo nikamwonyesha bango nikamwambia aliyeandika maneno yale ni mimi. Alivua miwani, akatazama uso wangu, akatazama bango, akasimama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Alisema ni heshima kubwa. Alisema anaisoma sentensi ile kila asubuhi kabla ya kufungua dirisha na ndiyo inayompa nguvu ya kuwarudisha watu nyumbani. Kadi hakuibadilisha. Aliongeza sahihi tu.

Nikakumbuka kwamba mimi ni mjumbe wa Tume, na wajumbe wa Tume hutibiwa nje. Perusi akapiga simu wizarani. Katibu wa Waziri alikuwa muungwana, akasema kibali changu kingetoka mara moja kama Waziri angekuwepo kukisaini. Lakini Waziri yuko katika ile nchi ya baridi, wiki ya tatu sasa, anatibiwa jino. Perusi akauliza kama hakuna mwingine wa kusaini. Katibu akamsomea kanuni. Nilikuwa nimeiandika vizuri, haikuwa na hata ufa.

Nilirudi dirisha la tatu nikiwa nimejiandaa kuguna, lakini sikuhitaji ufundi, maana nilipofungua kinywa nilitapika kwenye viatu vya yule bwana. Tukalipia upimaji wa pili, na ada ya viatu, nikapata kadi nyekundu. Dirisha la nne likagonga mhuri. Dirisha la tano likathibitisha kwamba mhuri ni mhuri. Kufikia dirisha la sita, la dhamana ya kitanda na upasuaji, ilikuwa saa saba na nusu, nilikuwa natetemeka, na tulichoombwa kilikuwa mshahara wangu wa miezi mitano. Mshahara wenyewe gazeti lilikuwa halijaulipa kwa miezi miwili, kwa sababu ya pongezi nyingi tulizokuwa tukizichapisha bure.

Nililala kwenye benchi. Nilianza kuogopa hapo, si kabla. Kabla ya hapo sehemu fulani ya kichwa changu ilikuwa ikiamini kwamba mwandishi wa ukurasa wa sita hafi kwenye benchi. Nilimtazama Perusi nikaona anatafuta namba kwenye simu.

Aliwapigia wenzake wa kikundi. Perusi alikuwa katika kikundi cha akina mama kumi na sita wanaokutana kila Jumamosi, wanachanga, na mmoja wao au mtu wa nyumbani kwake akiugua, wanamlipia. Alikuwa humo miaka tisa. Mimi nilijua tu kwamba Jumamosi alikuwa anaondoka saa tisa na kurudi saa kumi na mbili, na niliwahi kuandika makala ya kuchekesha kuhusu wanawake wanaofuja muda wa taifa kwenye vikao vya umbea. Ilisomwa sana.

Walikuja tisa, na kwa kanuni zao tisa wanatosha kuamua. Mwenyekiti wao ni Bi. Mashavu, mwenye mashine ya kusaga nafaka karibu na kituo cha polisi, na alikuja na unga kwenye nyusi. Walisimama kuzunguka benchi langu wakafanya kikao hapohapo. Hawakunisogeza wala kushusha sauti.

Mmoja alisema hana tatizo na Perusi, ila fedha hizi zinakwenda kwenye tumbo la mtu aliyewaita wambea mbele ya nchi nzima. Mwingine alikumbusha kwamba makala ile ilikuwa na picha ya kuchora, na aliyechorwa akiwa na mdomo mrefu ni yeye. Wa tatu, mwalimu wa hesabu, aliuliza kwa utulivu kama kuniokoa hakutakuwa na hasara, kwa kuwa nikipona nitaandika tena. Nilitaka kusema kitu. Kwa mara ya kwanza maishani sikuwa na pumzi ya kusemea. Perusi alisimama kichwani pangu akiwa kimya, kwa sababu kanuni zao hazimruhusu mwenye mgonjwa kuchangia hoja.

Kisha Bi. Mashavu akachutama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu.

“Mama yangu alikuwa mtu wa maneno,” aliniambia. “Alifika dirisha la tatu Agosti, kifua kinambana. Akaulizwa, akaeleza. Alieleza vizuri, bwana. Alieleza mpaka yule mwenye kadi akacheka. Akapewa ya kijani. Tulimzika kabla siku saba hazijaisha.”

Nami sikusema pole, kwa sababu nilijua kwamba neno lolote litakalotoka kinywani mwangu wakati ule litakuwa tusi. Niliona tu unga kwenye nyusi zake, na macho yaliyokuwa yakinitazama kama anavyotazama mtu kipimo cha mizani.

Akasimama akawageukia wenzake. “Mimi mwenyewe sitaki hata kumwona,” alisema. “Lakini tulipoandika kanuni hatukuandika kwamba tutaangalia mgonjwa ni mtu gani. Tuliandika tuangalie kama anaumwa. Huyu anaumwa. Wanaokubali wanyooshe mikono.”

Mikono saba ilinyooshwa, na wawili hawakunyoosha. Aliyechorwa mdomo mrefu alinyoosha wa mwisho, akiwa ametazama pembeni.

Dirisha la saba lilikuwa la daktari. Dokta Mlawa alikuwa amekaa na mtaalamu wa usingizi wakicheza dama kwa vizibo vya soda, na tulipoingia aliruka kama mtu aliyetembelewa na ndugu aliyedhaniwa kafa. Hajaona mgonjwa tangu Jumatatu. Alinishika tumbo, uso ukambadilika, akamuuliza Perusi nimeanza kuumwa saa ngapi. Alipojibiwa, alisema neno ambalo gazeti letu haliwezi kulichapa. Vizibo vilimwagika sakafuni na hakuna aliyeinama kuviokota.

Aliniambia baadaye kwamba kidole tumbo kilikuwa kimeshaanza kuoza, na nusu saa zaidi kingepasuka. Alinionyesha kwenye chupa. Kilikuwa kitu kidogo, cheusi, kibaya, kisicho na kazi yoyote inayojulikana mwilini, na bado kilikuwa kimekaribia kuua kila kitu kilichokizunguka. Daktari alinitazama nikikitazama, akasema kwa upole kwamba wagonjwa wengi huwa hawakitazami kwa muda mrefu hivyo.

Nililazwa siku sita. Wodi ilikuwa na vitanda arobaini, vingi vitupu, na watu wa kuvijaza walikuwa nje, kwenye mabenchi. Nikiwa nimelala niliapa kwamba nikitoka nitaandika ukweli. Nilikuwa bado nadhani kwamba nchi inangoja kwa hamu kujua nimebadili mawazo.

Niliandika kwa siku mbili, mto umebanwa juu ya mshono. Nilieleza madirisha, kadi, viatu, dama. Nilimweleza mama yake Bi. Mashavu bila kumtaja jina, baada ya kuomba ruhusa kupitia kwa Perusi. Nilisema sheria ile ilitokana na nywele zangu. Kichwa cha makala kilikuwa neno moja: “Nilikosea.”

Mhariri wetu, Bwana Kahema, ni mtu mwema ambaye hajawahi kufuta neno bila kuumia. Alinipigia akasema makala ni nzuri mno, ila kichwa kitawachanganya wasomaji, kwa sababu gazeti halijawahi kukosea tangu lianzishwe. Angekirefusha kidogo tu. Aidha, katikati pangepunguzwa, maana kumekuja tangazo la matairi. Asubuhi nilifungua ukurasa wa sita nikakuta picha yangu ya nywele, na chini yake: “Nilikosea Kuchelewa Kuushukuru Mfumo Uliookoa Maisha Yangu.” Mama yake Bi. Mashavu hakuwepo. Mahali pake palikuwa na tairi.

Waziri alikuwa amerudi, na jino jipya linameta. Aliisoma makala bungeni neno kwa neno. Alisema hapa yupo mwananchi aliyepita madirisha yote saba akatoka hai, na ni nani sasa atakayesema mfumo haufanyi kazi. Alisema alipofika aya ya shukrani machozi yalimlenga. Kisha akasema ameona upungufu: mwananchi huyu amelazimika kushukuru gazetini kwa kukosa mahali rasmi pa kushukuria. Kufikia mwisho wa mwezi Hospitali Kuu ilikuwa na dirisha la nane, Dirisha la Shukrani, ambalo kila anayeruhusiwa kurudi nyumbani lazima alipitie, kwa ada ya kawaida. Asiyeshukuru harudishiwi nguo zake.

Niliposikia taarifa ile redioni nilikaa kitandani nikapiga hesabu. Maoni yangu ya uongo yaliwaletea watu madirisha saba. Ya kweli yakawaongezea la nane. Nilimwomba Perusi ushauri, jambo ambalo lilimshangaza kidogo. Aliniuliza kama nimeshakwenda kwa Bi. Mashavu.

Nilikwenda kesho yake, nikitembea nimeinama kwa ajili ya mshono. Mashine ilikuwa ikinguruma na wateja wamepanga foleni na ndoo zao za mahindi. Ilinibidi nisubiri mpaka azime mtambo. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi, aya tatu, na ya tatu ilikuwa nzuri. Alipozima na kunigeukia, nilisema nimekuja kuomba radhi kwa makala ya kwanza, na kwa ya pili pia, halafu nikanyamaza.

Alijifuta mikono kwa kanga. Aliniambia makala ya pili ameiona, ameona na tairi. Aliniuliza kama ni mimi niliyeliweka lile tairi. Nikasema hapana. Akaniuliza kama nitaandika tena. Nikamwambia nimemwandikia Bwana Kahema barua ya kuacha kazi, maneno matano, na hajapata pa kukata.

“Radhi yako siwezi kuipokea leo,” alisema. “Labda siku nyingine, labda isiwepo. Lakini Jumamosi tunakutana shuleni, na viti viko stoo. Mwenye mgongo mzima atatufaa.”

Nikamwonyesha mshono. Akasema basi nibebe kimoja kimoja.

Nimekuwa nikibeba viti. Kwa ridhaa ya kikao nakaa nyuma, karibu na mlango, na siruhusiwi kuchangia hoja. Mwanzoni nilidhani ni adhabu. Siku hizi naona ni matibabu. Nimesikia mambo ambayo kwa miaka ishirini na miwili yalikuwa yakisemwa umbali wa mitaa miwili kutoka meza yangu. Kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka, mwezi uliopita walinikabidhi daftari, niandike yanayoamuliwa, bila nyongeza.

Jumamosi iliyopita ilikuja habari ya mwanamke anayekaanga mihogo nyuma ya wizara. Si mwanakikundi na hana ndugu aliye mwanakikundi. Alikuwa amerudishwa dirisha la tatu mara mbili, kadi ya kijani mara zote mbili. Akina mama waligawanyika. Wengine walisema mfuko utakauka tukianza kulipia wa nje, na hawakuwa wamekosea. Mfuko wenyewe si kisima cha maji. Wengine walisema kanuni haikutaja wa nje wala wa ndani. Walibishana mpaka wakachoka, na hakuna aliyekuwa amemwona mwanamke mwenyewe isipokuwa mimi, kwa sababu nilipita pale asubuhi kununua mihogo.

Bi. Mashavu akageuka nyuma, mlangoni. Aliniuliza kama nina la kusema.

Wote walinitazama. Nilihisi maneno yakija, yamejipanga, yenye mizani, na mfano mzuri kabisa wa kuanzia. Niliyaacha yapite.

Nilisema sina maoni. Nilisema nimeuona mguu wake, umevimba mpaka gotini, na ameuweka juu ya ndoo akiendelea kukaanga.

Mikono ikaanza kunyooshwa, mmoja mmoja. Bi. Mashavu aliihesabu, akaniambia niandike. Nikamuuliza niandike vipi. Akasema niandike nilichokiona.

Niliandika: “Mguu umevimba.” Katika miaka yangu yote ya gazetini haikuchapishwa sentensi yangu fupi kuliko hiyo, na Jumatatu ilimfikisha mtu kwa daktari.